Bajaji mpya inachoka kabla ya mwaka: dalili, chanzo chake na waranti inavyopotea

Tairi la nyuma kushoto la bajaji yangu liliisha ndani ya wiki sita tangu nitoe chombo dukani, na halikuisha lote, liliisha upande wa ndani tu, kwa nje meno bado mapya na vile vinywele vya mpira vya kiwandani vimesimama kama kilivyotoka. Nikanunua lingine, nalo likaliwa vilevile. La tatu ndo nikashtuka kwamba hapa sinunui tairi, nalisha ugonjwa.

Nawaandikia wenzangu wa Dar na popote bajaji inapotafuta riziki, hasa wewe mwenye chombo kipya ambacho kimeshaanza kula tairi au kutoa moshi au kugonga huko nyuma, alafu ukienda kwa wakala unaambiwa hiyo haimo kwenye waranti. Shika jambo moja kwanza: spea inayoisha mapema mara nyingi inauawa na jirani yake. Tairi linauawa na bushi (ule mkebe mdogo unaokaa kwenye tundu la bolti), klachi inauawa na waya au oili, ringi za pistoni zinauawa na vumbi. Ukifunga spea mpya bila kumtafuta jirani utarudi tena dukani mwezi ujao, na ile ya zamani ambayo ndo ilikuwa ushahidi wako umeshaiuza kwa watu wa chuma chakavu.

Nazungumzia bajaji za abiria za petroli tunazozijua, za Bajaj, TVS King na zinazofanana nazo, injini ya silinda moja ya kama cc 200 imekaa nyuma, gia nne za mbele na rivasi, tairi ndogo za 4.00-8, nyingi zinapozwa na upepo hazina rejeta. Hiyo tairi ndogo usiidharau. Kwa kilomita moja inazunguka zaidi ya mara 700 wakati ya gari dogo la kawaida inazunguka karibu mara 500, kwahiyo beringi ya bajaji inafanya kazi nyingi kwa safari ileile, na bado tunapita nayo mashimo ya barabara za ndani tukiwa na watu watano kwenye chombo cha dereva na abiria watatu.

Tairi linaliwa

Likiisha katikati upepo umezidi, likiisha pembeni kote kuwili upepo mdogo au mzigo mkubwa, hapo huhitaji fundi, nenda kapime upepo asubuhi tairi likiwa la baridi na ufuate namba za kwenye kitabu cha chombo, siyo za yule kijana wa kujaza upepo anayebonyeza kwa kidole gumba.

Likiisha upande mmoja ndo kazi inaanza. Egesha sehemu tambarare, chombo kikiwa kitupu, rudi nyuma hatua tano uchuchumae uangalie tairi mbili za nyuma kwa pamoja. Ukiona zimefanya matege, kwa juu zimeinamiana na kwa chini zimetanuka, basi upande wa ndani ndo unaobeba uzito wote na ndo utakaoisha. Kama limekaa hivyo tairi moja tu na jingine liko wima, usiseme mzigo, mzigo unabebwa na tairi zote mbili, hapo kuna bushi iliyolika au mkono uliopinda, ule wa chuma unaoshika tairi, upande mmoja.

Alafu pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kiubavu, kutoka ndani kwenda nje na kurudi. Ikiwa kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama msumeno, tairi halitazami mbele sawasawa, linaburuzwa kiubavu kila mita unayokwenda. Likiwa na mabonde mabonde, hapa limeisha pale bado, angalia shokapu iliyokufa au beringi, hasa kwa tairi la mbele.

Yangu ilikuwa bushi ya mkono wa nyuma. Tulipoipandisha kwenye jeki fundi akashika tairi juu na chini akalitikisa, likacheza, akaniambia shika wewe hapa kwenye beringi uone kama panacheza hapo, nikashika, beringi imetulia kabisa, kumbe mkono mzima ndo unatembea. Alipochomoa bolti nikaona tundu la bushi limekuwa kama yai badala ya duara na bolti yenyewe ina alama ya kung'aa upande mmoja, imelika kama kisu kilichonolewa sana. Na chombo bado kipya! Sababu yake ni nati ambayo haikukazwa vizuri tangu mwanzo. Bajaji nyingi zinafika nchini zikiwa hazijaunganishwa zikamilike, zinamaliziwa kuunganishwa hapahapa, na ndo maana sevisi ya kwanza ile ya kilomita mia kadhaa ina kazi kubwa ya kukagua na kukaza nati zote, siyo kumwaga oili tu. Mi niliiruka sevisi ile kwa sababu siku ile hesabu ilikuwa imepungua. Nimeilipa kwa tairi tatu.

Stelingi inatetemeka au inavuta

Nyanyua tairi la mbele lining'inie, alafu zungusha hendeli taratibu kutoka kona hadi kona. Inatakiwa iteleze mwanzo mwisho. Ukisikia ikifika katikati inajikita kidogo kama imeingia kwenye kishimo, gololi za stelingi zimechimba njia zake, na hapo kukaza nati hakusaidii, kukaza kunaongeza kuchimba, zinabadilishwa. Ikiwa haijikiti ila ukivuta tairi mbele na nyuma inagonga, nati imelegea, ikikazwa mapema gololi zinapona. Kwahiyo dalili hizi mbili usizichanganye, nati iliyolegea ni ya elfu chache za fundi na gololi zilizochimba ni ya spea, na ya nati ukiiachia inakuwa ya gololi.

Zangu zilibadilishwa kwa waranti, tena bila maneno mengi, maana nilienda nikiwa na kitabu chenye muhuri na kilomita bado chache.

Kelele za nyuma

Mngurumo unaoongezeka na mwendo na haubadiliki ukibana klachi wala ukitoa gia, hiyo ni beringi ya tairi. Mlio kama wa mtu anayegonga "ka ka ka" ukikata kona au ukianza kuondoka, angalia zile shafti zinazotoka gia boksi kwenda kwenye tairi, kwanza mfuko wa mpira unaofunika jointi. Ukichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, jointi inasagika yenyewe kwa yenyewe. Mfuko ni bei ndogo sana ukilinganisha na shafti, na unaonekana kwa macho bila kufungua kitu, kwahiyo kila Jumapili ukiosha chombo ingia uvunguni uangalie kama kuna grisi imerukia kwenye rimu kwa ndani.

Klachi inaisha kila baada ya miezi miwili mitatu

Hili linawasumbua wengi. Pima hivi: uko barabara tupu, mwendo wa taratibu, weka gia ya nne alafu fungua mafuta kwa nguvu. Injini ikipiga kelele juu na chombo hakiongezi mwendo, klachi inateleza. Sasa kabla hujanunua pleti za klachi angalia mambo matatu. La kwanza waya: kwenye mkono wa klachi lazima kuwe na ulegevu mdogo, milimita chache, kabla haujaanza kuvuta. Ukikaza mpaka ulegevu uishe klachi inakuwa imebonyezwa kidogo muda wote, inateleza inaungua. La pili ni mkono wako mwenyewe, kama unapanda kilima cha foleni umeishika klachi nusu ili chombo kisirudi nyuma, hapo unakula pleti, kuna breki kwa kazi hiyo.

La tatu ni oili, na hili ndo mafundi wengi wa kijiweni hawaliangalii. Kwenye bajaji nyingi klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili za gari ndogo za kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano, nzuri kwa gari lakini klachi yetu inaishi kwa msuguano, ukiweka ile inateleza hata pleti zikiwa mpya. Kopo liwe na maandishi JASO MA, hiyo ndo alama ya oili ya vyombo ambavyo klachi iko ndani ya oili, na unene wake uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu. Oili ya kupima kwenye dumu bila kopo achana nayo kabisa kipindi chote cha waranti, siyo kwamba zote ni mbaya, ila siku ya kujitetea hutakuwa na kitu cha kuonyesha.

Moshi, na nguvu imepungua

Moshi mweusi: mafuta yamezidi au ea klina, kile kichujio cha hewa, imeziba, anza na ea klina. Mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika mbili tatu ni mvuke, usihangaike nao. Wa bluu ni oili inaungua. Ukitoka asubuhi tu unapowasha, au unaposhuka mlima umefunga mafuta alafu ukafungua, shuku sili za valvu, ambazo hazihitaji kufungua pistoni. Ukitoka muda wote hasa ukiwa na mzigo, ringi na silinda zimeisha.

Swali ni kwa nini ziishe kwenye chombo cha miezi saba. Jibu mara nyingi ni vumbi, na vumbi lina kipimo chake ambacho kila dereva anakiweza. Chukua kitambaa cheupe kisafi, fungua bomba la hewa BAADA ya ea klina, lile linaloingia kwenye kabureta, ingiza kidole chenye kitambaa ufute ndani kwa kuzungusha. Kikitoka cheupe au kina ukungu kidogo wa oili, uko salama. Kikitoka na rangi ya udongo, injini yako inavuta hewa isiyochujwa, na vumbi likichanganyika na oili linakuwa msasa, linakwangua silinda kila pistoni inapopanda na kushuka. Tafuta pa kuingilia: kibanio cha bomba kimelegea, mpira umepasuka kwenye mkunjo ambao hauonekani mpaka uukunje kwa mkono, kifuniko cha ea klina hakijakaa kwenye mfereji wake, au ea klina yenyewe imepulizwa kwa upepo wa kompresa mpaka karatasi imetoboka. Hilo la kompresa tunalifanya sana na linaua injini, karatasi ya ea klina ukiipuliza kwa nguvu vinatokea vitundu usivyoviona.

Mi yalinikuta. Chombo kilianza moshi wa bluu, nikaenda kwa wakala, fundi wao akafanya hichohicho kipimo mbele yangu, kitambaa kikatoka kahawia, akasema uzembe wa mtumiaji, waranti hamna. Nilinyamaza maana kitambaa nilikiona kwa macho yangu. Nilipofika nyumbani nikatoa karatasi zangu, nikakuta mara ya mwisho ea klina kufunguliwa ilikuwa siku kumi na moja nyuma, kwenye sevisi, kwenye gereji yao hiyohiyo, na imeandikwa na kusainiwa "ea klina imebadilishwa". Kibanio kilichokuwa kimelegea walikilegeza wao. Nikarudi na karatasi, nikaongea kwa heshima, wakazungushana karibu wiki mbili, mwisho wakatoa pistoni na ringi mi nikalipia oili na ufundi. Haikuwa haki kamili, siku zote zile chombo kimelala na watoto wanakula, lakini bila ile karatasi nisingepata hata ringi moja.

Halafu injini inapozwa na upepo, kwahiyo matope na majani yaliyojaa kwenye mapezi ya silinda na kwenye njia ya feni ni blanketi. Wanaoosha bajaji wanang'arisha bodi na rimu, huko hawafiki. Waambie wafike, injini ikiwa imepoa.

Ukishafunga gesi

Siku hizi vijana wengi tumehamia gesi asilia na siwalaumu, ukipiga hesabu ya petroli unaelewa. Ila ujue gesi ni mafuta makavu, petroli ikiingia inapoza kidogo valvu na viti vyake, gesi haipozi hivyo, kwahiyo viti vya valvu vinalika haraka zaidi. Viti vikilika valvu inapanda juu na ule upenyo wa tapeti, nafasi ndogo kati ya valvu na kinachoisukuma, unapungua. Hapa ndo watu wanadanganyika: tapeti zikipiga kelele wanakimbilia kwa fundi, zikinyamaza wanafurahi. Tapeti zilizonyamaza kimya kwenye chombo cha gesi ni dalili mbaya, valvu haifungi vizuri, inaungua ukingo, alafu unaanza kuona chombo kigumu kuwaka kikiwa cha moto na mlima kinashindwa. Kagua tapeti mapema kuliko ratiba ya petroli inavyosema.

Na kwa waranti, muulize wakala KWA MAANDISHI kabla hujafunga gesi, hata ujumbe wa simu unatosha, kwamba nikifunga mfumo huu nini kinabaki kwenye waranti na nini kinatoka. Kufunga gesi kusiwe sababu ya kukunyima gololi za stelingi, gesi na stelingi havijuani, lakini ukiulizia baada ya kuharibika watakujibu jibu moja kwa vyote. Aliyekufungia naye akupe waranti yake ya mtungi na mfumo, na awe mfungaji anayetambulika, pale DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kwa mfano wana karakana ya kazi hiyo.

Breki

Kwa kifupi. Shuu za upande mmoja zikiisha kabla ya wenzake, gusa dramu zote baada ya mizunguko michache, ile ya moto kuliko nyingine haiachii. Silinda ya tairi imenata au springi ya kurudisha imechoka. Usisage dramu wala usinunue shuu mpaka hiyo imepona.

Sasa waranti yenyewe

Soma kitabu kabla hujatoka dukani, kuna mistari mitatu inayoamua kila kitu. Wa kwanza ni muda na kilomita, kwamba kinachotangulia ndo kinamaliza waranti. Mtu wa pikipiki ya kwenda kazini anamaliza muda kwanza, sisi tunamaliza kilomita. Piga hesabu: ukitembea kilomita 150 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni 3,900. Kama waranti yako ni ya kilomita 20,000 imeisha mwezi wa sita unapoanza, hata kama kwenye karatasi wameandika mwaka. Kwahiyo dalili yoyote ndogo ipeleke ikaandikwe mapema, ukisubiri ikomae inakomaa nje ya waranti.

Wa pili ni spea zisizohusika. Tairi, shuu, pleti za klachi, plagi, waya, ea klina, karibu kila waranti inaziita za kuchakaa na haizilipii. Usibishane juu ya tairi, utashindwa. Bishana juu ya bushi iliyolila tairi.

Wa tatu ni masharti: sevisi kwa ratiba, kwenye gereji zao, na muhuri. Hapa ndo dereva wa mkataba anaumia kuliko wote. Chombo ni cha bosi, kitabu kiko kabatini kwa bosi, risiti ya kununulia iko kwa bosi, wewe ndo uko na usukani na hesabu ya kila siku, na deiwaka, yule dereva wa kukushikia, uliyempa jioni hakwambii kama aliingia shimo. Siku ya kwanza ya mkataba mwombe bosi upige picha kila ukurasa wa kitabu na risiti, na mkubaliane kwa maandishi nani analipia sevisi na nani anazipeleka. Bosi mwenye akili hatakataa, injini ikifa yeye ndo mwenye injini.

Spidomita! Bajaji ngapi mjini zinatembea waya wa spidomita umekatika? Ukikatika kilomita zako hazijulikani, na wakala ana haki ya kusema hajui chombo kimetembea kiasi gani. Utengeneze siku hiyohiyo, upige picha ya namba kabla na baada. Mi kila nikijaza mafuta napiga picha dashibodi, simu yenyewe inaweka tarehe.

Ukikataliwa usigombane kaunta. Omba wakuandikie sababu na kifungu cha kwenye kitabu walichotumia. Omba spea iliyoharibika urudishiwe, weka kwenye mfuko, andika tarehe na kilomita juu yake. Usiruhusu fundi wa mtaani kufungua injini kabla ya wakala kuiona, sili au rangi ya kwenye nati ikishavunjwa mjadala umeisha. Baada ya hapo panda juu kwa msambazaji mkuu na karatasi zako zote kwa mpangilio wa tarehe, na akikaa kimya kuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyopo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake, mwenye bajaji moja naye ni mlaji.

Ile bushi yangu iliyokuwa na tundu la yai bado ninayo, iko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Kila kijana anayechukua bajaji mpya kijiweni kwetu namletea aishike, aingize kidole kwenye lile tundu, alafu namuuliza sevisi yako ya kwanza ni lini.